Kandambili ya Kushoto ya Lik Sarmuji

Lik Sarmuji hushona kwa mguu mmoja. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga, yenye pedali pana ya chuma inayotosha miguu miwili, naye huikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na mshono wake hauyumbi. Sare za shule za watoto wote wa kijiji chetu cha Kedungwatu zimepita mikononi mwake. Mteja mgeni akishindwa kuyazuia macho yake yasitazame chini ya meza, Lik Sarmuji humwahi. Humwambia kwamba kati ya mafundi wote wa mteremko huu, ni yeye peke yake anayebakiza kitambaa akijishonea suruali.

Tunamwita Lik, yaani baba mdogo, hata sisi tusio na undugu naye, kama tunavyosema Pak kwa baba, Bu kwa mama, Kang au Mas kwa kaka na Yu kwa dada. Hana mke wala mtoto. Anaishi na ile cherehani, na paka mwenye jicho moja bovu, na simu iliyopasuka kioo pembeni.

Mguu wa kushoto aliupoteza Kali Wulung. Huo ndio mto wetu, ingawa siku nyingi za mwaka huwezi kuuita mto. Ni bonde la mchanga na mawe, maji yakipita katikati membamba kama uzi. Wanaume hushuka humo kuchimba mchanga na kuupakia kwenye malori. Lakini mvua ikinyesha juu, Simbah, yaani Babu, kama tunavyouita mlima wetu wa volkano wa Merapi, humwaga majivu na mawe yake mtoni, na tope hilo hushuka likikimbia, zito kama saruji iliyokorogwa, limebeba mawe ya ukubwa wa nyati. Huku chini, saa hiyo hiyo, unaweza kuwa unaanika nguo juani.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya Lik Sarmuji. Alikuwa akichimba na Pak Mulyoto, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wachimbaji. Wote walikuwa vijana, na jua lilikuwa kali. Tope lilimbana kwenye tairi la lori, Mulyoto akamshika kola ya shati akamvuta mpaka akatoka. Mguu ulikatwa hospitali. Kandambili ilibaki mtoni.

Hapo ndipo alipoutoa utani wake mkubwa. Kila mchimbaji mpya lazima aambiwe: akiiona kandambili ya kushoto, ya bluu, amletee, maana ya kulia bado anaivaa. Wachimbaji wameusikia mara mia na bado hucheka, na wengine huokota kandambili zozote mtoni wakampelekea, naye huzikagua na kuzikataa moja moja, hii ndogo, hii ya mwanamke, hii ya mtu mwenye vidole vibaya.

Mwanangu Panggih aliambiwa hivyo siku yake ya kwanza. Akacheka, akaahidi kuitafuta. Ana miaka ishirini na miwili, na ndiye mtoto niliye naye; baba yake yuko Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi. Panggih hushuka mtoni usiku, kwa sababu usiku kuna ubaridi na malori hayazuiwi barabarani. Tangu aanze, miezi ya mvua mimi silali. Najilaza tu, simu ikiwa kifuani.

Kwenye simu ndiko liliko kundi letu, linaitwa Kukesha na Simbah. Kang Tumiran, fundi redio wa hapa kijijini, ndiye aliyelianzisha. Alipanda kilima cha Gumuk Wungkal, kilomita nane juu yetu, akasimamisha nguzo yenye kamera inayotazama ukuta wa saruji uliojengwa kukatisha mto. Picha hushuka kwa antena hadi kwenye kompyuta iliyo nyumbani kwake, na kutoka hapo huingia katika simu zetu sote. Juu ya paa lake kuna king'ora, na mezani pake kuna redio ya upepo inayoongea na ile ya Pak Mulyoto. Kutoka ule ukuta hadi wanakochimba watu wetu, tope huchukua dakika ishirini na tano hivi. Mtu asiyebishana anaweza kutoka mtoni kwa dakika saba.

Mchana kundi lina watu zaidi ya mia mbili, wanauza mbegu za pilipili na kutafuta mbuzi waliopotea. Usiku tunabaki wanne. Kang Tumiran mwenyewe. Yu Wartini, mjane anayetengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, ambaye hukesha akichemsha soya zake. Mimi. Na Lik Sarmuji, anayedai kwamba mguu asiokuwa nao humwasha usiku na hana pa kuukuna.

Anayetusoma asubuhi anaweza kudhani tu wehu. Kumejaa matusi ya kirafiki, vitendawili, habari za paka. Lakini utani ule una kazi, na Lik Sarmuji ndiye aliyeiweka. Aliyeko zamu hutupa neno la uchokozi, na kila mmoja wetu lazima ajibu kabla sigara ya karafuu haijafika nusu. Asiyejibu hupigiwa simu. Akikutwa amelala, Jumamosi anatulisha mihogo ya kukaanga. Ukichoka hutaona tope linashuka, lakini ukitukanwa utaamka. Kila saa pia tunasema hali ya hewa ya mlangoni petu, nani ana mvua na nani hana.

Kisha kuna Bu Lurah. Taa ya ile kamera huvuta wadudu usiku, na wadudu walimvuta buibui, akatanda utando wake pembeni mwa kioo. Kwenye simu anaonekana mkubwa kama kaa. Lik Sarmuji alimpa jina hilo, mke wa mkuu wa kijiji, kwa sababu hukaa katikati ya ofisi yake akisubiri watu wamletee mambo. Bu Lurah wa kweli alipopata habari, aliingia kundini siku tatu kumwona mwenzake, akatutumia chipsi za muhogo, akatoka.

Sasa lazima niseme habari ya Novemba, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ya Januari.

Novemba ile nilikuwa zamu. Saa nane usiku picha yote ikawa nyeupe, ikitetemeka, na nikaandika kwamba linashuka. Kang Tumiran alipiga king'ora bila kuuliza. Wanaume wakakimbia gizani, na Mas Giyarto akaanguka kutoka juu ya lori lililojaa, akavunjika nyonga. Tope halikuja. Alikuwa nondo, amefunika kioo kwa mabawa yake. Hadi leo Mas Giyarto anatembea kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja.

Wachimbaji walikuja juu wakaweka sharti: king'ora kisipigwe mpaka watu wawili wawe wameona maji kwa macho yao. Kang Tumiran, kwa aibu, akaongeza lake. Aliweka saa kwenye pembe ya picha, inayohesabu hadi sekunde, ili asiwepo mtu wa kubishana nini kilionekana lini. Mimi niliamua kutoka kundini. Sikumwambia mtu. Usiku uliofuata, kabla sijabonyeza, Lik Sarmuji alikuwa zamu na neno lake la kwanza lilikuwa kwangu. Aliniuliza kama nondo wangu alikuwa na chumvi ya kutosha, maana Bu Lurah amemla mzima na hakusema kitu. Kwa sharti letu ilinibidi nijibu. Nikajibu. Nikabaki.

Usiku ninaousimulia ulikuwa Jumanne ya tatu ya Januari. Panggih alishuka baada ya sala ya isha, na watu kumi na saba wengine. Malori matatu yalikuwa yanasubiri. Huku kwetu mbingu ilikuwa safi, nyota zote mahali pake, na kileleni wingu limekaa kama linavyokaa siku zote. Saa nne kila mtu alitoa taarifa yake: kwangu kukavu, kwa Yu Wartini kukavu, kwa Kang Tumiran kukavu. Kwenye picha ule ukuta wa saruji ulionekana mweupe, mchanga wake mkavu, na kipande cha ukungu kimelala juu yake kama kanga iliyoanikwa. Nilikitazama nikafikiri hivyo hasa, kwamba jirani yangu anayo ya namna ile.

Lik Sarmuji alikuwa zamu. Alitangaza kwamba Bu Lurah ameingia ofisini bila kuchana nywele. Yu Wartini alimjibu kwamba buibui huyo ana miguu minane, kwa nini asimwombe mmoja.

"Nilishaomba," akaandika Lik Sarmuji. "Kasema nilete barua kwanza, yenye mhuri wa mwenyekiti."

Kutoka hapo akamgeukia Kang Tumiran. Akasema ile saa ya kwenye pembe ndiyo kitu pekee katika nyumba ya Tumiran kinachofanya kazi kwa wakati, kwa sababu suruali aliyoleta kupunguzwa Agosti bado hajaja kuichukua. Tumiran akasema ataichukua akipata nafasi. Yu Wartini akauliza mbona nafasi ya kuja kununua tempe kila siku anaipata, mtu anayeishi peke yake, vipande kumi na viwili. Kisha Tumiran akaandika kwamba ana paka. Lik Sarmuji akaandika kwamba paka ni wake yeye, na hajawahi kuona tempe.

Nilicheka peke yangu kitandani. Nakumbuka hivyo kwa sababu kwa muda ule wote, mlimani kulikuwa kunanyesha.

Saa tano tulitoa taarifa tena. Kukavu, kukavu, kukavu. Kwenye picha hakuna kilichobadilika, na hilo lilitufurahisha. Saa tano na nusu hivi Lik Sarmuji aliandika kwamba leo Bu Lurah ana adabu, hajaondoka kitini hata kwenda chooni. Yu Wartini akasema amenuna kwa ajili ya maneno ya nywele. Kang Tumiran akasema heri yeye analala, kuna wengine hawalali na hawana faida. Zamu ya kujibu ilikuwa ya Lik Sarmuji.

Hakujibu.

Yu Wartini akaanza kumdai mihogo. Nikaangalia saa. Sigara nzima ilikuwa imeshakwisha, achilia mbali nusu. Lik Sarmuji hajawahi kushindwa kumjibu mtu. Nikampigia, na akapokea kabla haijalia mara ya pili. Hakuwa amelala. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayepima kitambaa na hataki kupoteza hesabu.

"Bu Parni, tazama picha. Juu ya ukuta kuna nini?"

Nikamwambia ukungu. Kipande kama kanga.

"Umekiona kwa mara ya kwanza saa ngapi?"

Nikaanza kumwambia saa nne, kisha nikaitazama picha upya. Ukungu wa Gumuk Wungkal haukai mahali pamoja muda wa kunywa glasi ya chai. Ulikuwa umekaa pale saa moja na dakika arobaini, mikunjo ile ile. Nikamtazama Bu Lurah. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umenyanyuliwa, kama anataka kupiga hatua. Nilitazama mguu ule mpaka macho yakaniuma, nao haukushuka. Na pembeni, kwenye pembe ya picha, sekunde za Kang Tumiran zilikuwa zinakimbia kama kawaida.

Lik Sarmuji akakata simu, na papo hapo maneno yake yakaingia kundini. Aliandika kwamba picha imeganda.

Kang Tumiran akajibu kwamba haiwezekani, saa inakwenda.

"Saa iko nyumbani kwako," akaandika Lik Sarmuji. "Bu Lurah ndiye yuko juu."

Nilielewa pale pale, na nadhani Tumiran naye alielewa. Ile saa aliyoiweka ilikuwa inaandikwa na kompyuta yake. Kamera ingekufa, kompyuta ingeendelea kushika picha ya mwisho na kuibandika saa mpya kila sekunde, na sisi wanne tungekesha tukiulinda mlima wa saa nne. Tulikuwa tumekesha hivyo. Tulikuwa tumecheka hivyo.

Yu Wartini akamwambia azime awashe. Akazima akawasha. Picha haikurudi. Simu zetu zilikuwa nyeusi, na katikati ya weusi huo saa peke yake ikihesabu.

Lakini kamera imekufa mara nyingi, kwa betri, kwa kutu, na siku moja kwa tumbili. Kamera kufa si tope. Kang Tumiran aliandika kwamba atapanda alfajiri kuitazama. Lik Sarmuji akamwambia apige king'ora. Tumiran akauliza nani ameona maji. Lik Sarmuji akasema hakuna aliyeona maji, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tumiran akaandika kwamba sharti ni watu wawili, na kwamba mke wa Giyarto mpaka leo wakikutana sokoni hageuzi shingo.

Tumiran aliliandika jina la Giyarto kwa ajili ya aibu yake mwenyewe, lakini niliposoma lilinipata mimi. Nilikaa na kidole juu ya simu. Nikisema na tope lisije, nitakuwa mwanamke aliyewavunja watu mara mbili. Huenda mara hii ni Panggih atakayeanguka kutoka juu ya lori, kwa mkono wangu. Nikinyamaza na likaja, sitahitaji kuandika kitu kingine maishani mwangu. Nikaandika maneno machache, na hata herufi nilikosea. Kwamba mimi ni wa pili. Kwamba ule ukungu haujasogea tangu saa nne, na mimi ndiye niliyeuona.

Yu Wartini akaandika kwamba yeye ametoka nje na nyota zinawaka, ila kama Bu Parni amesema, baada ya yaliyompata, basi yeye angemsikiliza.

Kang Tumiran hakupiga king'ora. Alipiga simu ya kundi, sote tukaingia, na tukamsikia akiishika redio ya upepo na kumwita Pak Mulyoto. Mulyoto alijibu kwa sauti ya mtu aliyesimamishwa katikati ya kazi. Malori yalikuwa yamejaa nusu tu. Tumiran akaeleza habari ya kamera, akajikwaa, akaeleza habari ya saa, na mwisho, kwa sababu ni mtu mkweli, akaeleza habari ya buibui.

Redio ikakoroma. "Nani ameona maji?"

"Hakuna, Pak."

"Sasa tukimbie nini, Tumiran? Tumkimbie buibui?"

Nyuma yake wanaume walicheka. Redio ile ni mbovu na kicheko chao kilikuja kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, lakini mama hujua. Kimoja kilikuwa cha Panggih.

Ndipo Lik Sarmuji alipomwomba Tumiran aiweke simu karibu na redio. Tulisikia kitu kikisogezwa mezani. Kisha akamwita mwenzake kwa jina la ujana wao.

"Mulyo."

"Naam, Muji." Wanaume wakaanza kucheka kabla, kama wanavyocheka siku zote akifungua mdomo.

"Ile kandambili yangu."

"Hatujaiona bado. Tunachimba."

"Iache," akasema Lik Sarmuji. "Siitaki tena. Panda."

Hakuna aliyecheka. Kisha redio ikakatika, na mara hiyo hiyo, si kwenye simu bali kwa masikio yangu, kutoka mtoni, nikasikia honi ya lori. Moja ndefu. Halafu ya lori la pili. Na Kang Tumiran, bila kuambiwa na mtu, akapiga king'ora.

Nilikimbia na nguo ya kulalia na tochi. Njia ya kutoka kwangu hadi ukingoni hupita nyuma ya mashamba ya pilipili, na nilipofika watu walikuwa wanapanda, wanahema, koleo mabegani. Niliwamulika nyuso mmoja mmoja, na wengine walinikaripia kwa kuwapofusha. Nilihesabu. Lori la kwanza lilipita na watu sita, la pili na wanne, na wengine walikuja kwa miguu. Kumi na sita. Pak Mulyoto alikuwa amesimama mwisho wa njia akihesabu kama mimi, midomo yake ikitembea. Tulikwama katika namba ile ile. Lori la tatu lilikuwa limekataa kuwaka, akasema, na dereva hataki kuliacha. Panggih amerudi kumtoa.

Hewa ilikuwa kavu usoni mwangu. Hakuna tone. Harufu ndiyo ilikuja kwanza, harufu ya kiberiti na ya jiwe lililopigwa jiwe. Pak Mulyoto akageuza kichwa. Kisha nikaisikia sauti kutoka juu ya mto, kama malori mia yanamwaga mawe kwa wakati mmoja, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu.

Niliwaona kwa mwanga wa tochi wakiwa bado chini ya ukingo. Panggih alikuwa amemshika dereva mkono, na dereva alikuwa anavuta nyuma, anatazama lori lake, analia. Pak Mulyoto alishuka. Ana miaka hamsini na tano na alishuka ule mteremko kama mbuzi. Alimkamata dereva kola ya shati, akavuta, na Panggih akasukuma kutoka nyuma, na wakaja juu wote watatu kwa magoti. Nilimshika mwanangu shati mgongoni kwa mikono yote miwili na sikuachia, hata wenzake walipotazama. Tope lilipita chini yetu. Taa za lori la tatu zilikuwa bado zinawaka lilipochukuliwa, na kwa muda mfupi niliziona zikienda zenyewe, kama gari linalosafiri.

Baadaye Kang Tumiran alipiga hesabu: kati ya honi ya kwanza na tope zilipita dakika tisa.

Asubuhi alipanda Gumuk Wungkal. Nguzo ilikuwa imelala, na sanduku la betri limejaa maji. Mvua yenyewe, kwa upepo wake wa kwanza, ndiyo iliyotuzimia jicho, mapema kabisa, kabla hata tope halijaanza kujikusanya. Bu Lurah na ofisi yake hawakuonekana. Tumiran alirudi na kipande cha nguzo, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani kuchukua ile suruali ya Agosti. Alikaa pale hadi adhuhuri.

Pak Mulyoto naye alikwenda, jioni. Alikuta Lik Sarmuji anashona kaptura nyekundu za shule ya msingi, akaketi kwenye mkeka, akamwomba amtilie kifungo kwenye shati ambalo halikupungukiwa kifungo.

Kamera mpya ilisimamishwa wiki mbili baadaye. Haina saa, Kang Tumiran aliiondoa mwenyewe. Badala yake, mbele ya kioo, kimefungwa kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye zile kaptura. Lik Sarmuji alikikata na kukipinda ukingo vizuri, kwa sababu hawezi kutoa kazi mbovu hata kwa mlima. Usiku kamera haijui rangi, kwa hiyo kinaonekana cheupe. Upepo wa juu hauishi, na kinacheza daima. Tunakiita Bu Lurah. Sharti la watu wawili bado lipo, lakini limeongezwa: kitambaa kikitulia kwa muda wa nusu sigara, watu wanatoka mtoni, hata kama picha ni nzuri namna gani. Wachimbaji wenyewe walikubali. Hakuna anayesema maneno mengi redioni siku hizi. Kang Tumiran husema tu kandambili iachwe, na wanaacha.

Jambo moja tu limenisumbua. Mwezi uliopita alikuja kijana mpya wa kuchimba, kutoka upande wa Boyolali, na wenzake wakampeleka kwa Lik Sarmuji apimwe suruali ya kazi, wakasimama mlangoni wakisubiri utani. Lik Sarmuji alimpima kiuno, akampima mguu, akaandika namba zake. Kijana, kwa kuwa alikuwa amefundishwa, akauliza ni kandambili gani anayotakiwa kuitafuta. Lik Sarmuji akamwambia hakuna. Akamwambia suruali itakuwa tayari Alhamisi.

Panggih bado hushuka. Nilimwomba asishuke, na akanijibu kwa upole, na akashuka. Kwa hiyo nami bado niko zamu. Usiku huu niliandika taarifa ya saa tano: kwangu kukavu, Bu Lurah anacheza. Yu Wartini akaandika kwake kukavu. Kang Tumiran akaandika kwake kukavu, na Yu Wartini akamuuliza ajuaje, wakati mlangoni aliposimama usiku huu si kwake, ni kwa mtengeneza tempe. Nilisubiri jibu la Lik Sarmuji. Sigara ilikuwa inakaribia nusu, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye namba yake, alipoandika kwamba anaomba radhi, alikuwa anacheka.